Mteremko wa udongo mwekundu hupimwa ukiwa umelowa

Ukipita barabara za milima ya Usambara mwezi wa Septemba utaona kingo za udongo mwekundu zilizokatwa wima kama ukuta wa nyumba, na alama za meno ya eskaveta bado zimechorwa usoni. Hakuna saruji wala nondo, na ukingo umesimama. Mwenye kiwanja akiona hivyo huamini udongo wa kwao ni mgumu, naye huchimba ukuta wa mita nne nyuma ya nyumba, kisha hujenga jiko na choo chini yake. Masika ya kwanza hupita salama, hata ya pili. Halafu unakuja mwaka mvua inanyesha siku nne mfululizo bila kukata, na usiku wa nne ukingo unashuka.

Udongo ule haukuwa mgumu. Ulikuwa mkavu nusu, na udongo mkavu nusu una nguvu ya kuazima. Maji machache yaliyobaki kwenye vitundu vyake vidogo huvuta chembe zishikane. Nguvu hiyo wahandisi tunaiita ufyonzaji. Mvua ikijaza vitundu, ufyonzaji hutoweka, na udongo unabaki na kile ulicho nacho kweli.

Tofauti yake inahesabika. Chukua udongo wenye uzito wa kilonewtoni 18 kwa mita ya ujazo na pembe ya msuguano wa ndani, yaani kadiri chembe zinavyosuguana zinapobanwa, ya digrii 28. Ukiwa na mshikamano, yaani nguvu ya chembe kushikana hata bila kubanwa, wa kilopaskali 15, ambapo 10 kati ya hizo zimetokana na ufyonzaji, ukingo wima unaweza kusimama hadi karibu mita 5.5. Ondoa zile 10, zibaki 5, na kimo hicho kinashuka hadi mita 1.8 tu. Udongo ni uleule. Kwa hiyo mtu anayekwenda kukagua mteremko wakati wa kiangazi, akapima ugumu wake kwa nyundo ya jiolojia na kuandika “udongo imara”, amepima hali ya hewa ya siku ile.

Usalama wa mteremko huandikwa kwa namba moja, kigezo cha usalama: nguvu inayozuia udongo usiteleze ikigawanywa kwa nguvu inayouvuta ushuke. Ikifika 1 mteremko unaanza kusogea. Namba yenyewe hutoka kwenye mambo matatu: umbo la mteremko, nguvu ya udongo, na maji. Umbo hupimwa kwa siku moja. Nguvu ya udongo huchukua wiki kadhaa za maabara. Maji huhitaji msimu mzima wa mvua, na kwa kuwa hakuna mwenye mradi anayependa kusubiri msimu mzima, ndiyo yanayokisiwa kuliko yote. Makosa mengi yamelala hapo.

Ukaguzi uanzie juu, si chini. Watu wengi husimama mguuni pa mteremko, wakapiga picha, wakaondoka. Panda hadi kileleni na uvuke ukingo, kisha utafute nyufa zilizopinda kama mwezi mchanga, hasa zile ambazo upande wa chini umeshuka hata kwa sentimita mbili. Angalia miti: shina lililoinama kisha likapinda kwenda juu linaonyesha kuwa ardhi imekuwa ikisogea polepole kwa miaka, na mti umekuwa ukijinyoosha kufuata jua. Angalia nguzo za umeme na mistari ya ua iliyopoteza unyoofu. Matete au magimbi yaliyostawi katikati ya mteremko mkavu yanaonyesha mahali maji yanapotokea. Chemchemi ambayo miaka yote ilikuwa safi, sasa inatoa maji ya tope, ni habari mbaya. Chemchemi iliyokauka ghafla katikati ya mvua ni mbaya zaidi, maana maji hayo yamekwama mahali fulani ndani. Na bonde dogo lenye umbo la bakuli, hata kama sasa ni shamba zuri la mahindi, huenda ni poromoko la zamani. Wazee wa hapo waulizwe kabla ya mashine kuletwa. Wanaujua mwaka lilipoanguka, na wanajua kama lilianguka siku ya mvua au siku mbili baadaye.

Pima umbo kwa mikato, yaani michoro ya mteremko kana kwamba umepasuliwa wima kutoka juu hadi chini, isiyopungua mitatu, kila mkato ukipita mteremko wenyewe kwa umbali unaolingana na kimo chake, juu na chini. Mchoro unaoishia ukingoni haumwonyeshi mchambuzi shimo la choo lililochimbwa mita sita nyuma ya ukingo, wala tanki la maji, wala mfereji wa barabara ya juu unaomwaga maji shambani.

Kwa uchorongaji, yaani kutoboa ardhi kwa mashine, kila mkato mkuu uwe na mashimo matatu: juu ya ukingo, katikati, na mguuni. La mguuni ndilo hufutwa bajeti ikipungua, na bila hilo huwezi kujua kama mtelezo utatokea juu ya mguu au utapita chini yake. Milima yetu ina mtego mmoja wa kudumu. Mwamba ukioza huacha mabonge makubwa magumu yaliyozungukwa na udongo, na mchorongaji akigonga bonge huandika “mwamba” na kusimamisha kazi. Asikubaliwe mpaka aingie mita 3 mfululizo ndani ya mwamba. Mtego wa pili ni jaribio la kupigia nyundo, lile la kuhesabu mapigo kwa kila sentimita 30. Kwa kawaida hufanywa kila baada ya mita 1.5. Tabaka laini la mfinyanzi lenye unene wa sentimita 20, ambalo mteremko mzima unaweza kulitelezea, hukaa katikati ya majaribio mawili na ripoti ikatoka bila kulitaja. Kwenye mteremko wenye mashaka chukua sampuli mfululizo, angalau katika shimo moja, uzipasue kwa urefu na kuzitazama kwa macho. Uso uliong'aa kama umepakwa mafuta, wenye mikwaruzo inayofuata upande mmoja, ni uso uliokwisha kuteleza. Shimo la uchunguzi la kuchimbwa kwa mkono linaonyesha mambo hayo vizuri zaidi kuliko bomba lolote, lakini asiingie mtu kwenye shimo lenye kina cha kupita mita 1.2 bila kuta zake kuegemezwa mbao.

Maji yanayoonekana shimoni siku ya kuchoronga si kipimo. Yamechanganyika na maji ya mashine, na kwenye mfinyanzi huchukua siku au wiki kutulia kwenye kina chake halisi. Weka piezomita: bomba la plastiki lenye ncha yenye matundu, ncha izungushiwe mchanga, na juu ya mchanga uzibe kwa bentonaiti, mfinyanzi unaovimba ukilowa, ili ipime maji ya tabaka moja tu. Bomba lenye matundu kuanzia juu hadi chini huchanganya maji ya matabaka yote na kukupa wastani usio wa mahali popote. Ncha nzuri zaidi ni ile inayokaa pale udongo laini unapokutana na mwamba uliooza au tabaka lisilopitisha maji, kwa sababu wakati wa mvua maji hujikusanya hapo, huku maji makuu ya ardhini yakiwa mita 15 chini. Kinasa data cha bei nafuu kinachosoma kila saa kina faida kubwa kuliko msomaji anayefika kila Ijumaa, kwani kilele cha maji mara nyingi hudumu saa chache tu za usiku. Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu zaidi, mimi ningezitia kwenye piezomita mbili na kuacha shimo la nne la uchorongaji.

Maabarani udongo wa volkano una tabia yake. Kwenye miteremko ya Aberdare, Mlima Kenya, Kilimanjaro na Elgon kuna udongo wenye madini ya haloisaiti. Karl Terzaghi, ambaye ndiye aliyeiweka taaluma hii kwenye msingi wake, alikutana nao kwenye bwawa la Sasumua, Nyandarua, linaloipelekea Nairobi maji, na mwaka 1958 akachapisha maelezo yake. Vipimo vya kawaida vilionyesha mfinyanzi wenye unyevu mwingi kupita kiasi, ambao kwa mazoea ya Ulaya ungekataliwa. Ulipopimwa nguvu ulionekana mzuri. Sababu aliyoitoa ni kwamba chembe zake zimeshikamana katika vishada vyenye vitundu, na maji mengi yamo ndani ya vishada, hayalainishi mguso kati ya kishada na kishada. Fundisho la kazi ni hili: usiukaushe udongo huo kabla ya kuupima. Ukiuanika juani au kuutia kwenye oveni ya nyuzi 105, hubadilika na haurudi ulivyokuwa hata ukiuloweka tena. Pima unyevu wake mara mbili, kwa nyuzi 105 na kwa nyuzi 50. Majibu yakipishana kwa zaidi ya asilimia 4 hivi, jua kwamba sehemu ya maji uliyoyahesabu ni ya ndani ya madini yenyewe.

Nguvu ipimwe kwa sampuli isiyovurugwa, iliyojazwa maji mpaka ikome kunywa. Kwenye jaribio la kukata kwa sanduku, mfinyanzi ukisukumwa kwa kasi ya milimita 1 kwa dakika maji hayapati nafasi ya kutoka, na namba unayoipata si ya hali ya muda mrefu unayoitaka. Kasi huwa karibu milimita 0.01 kwa dakika au pungufu, na huamuliwa na muda ambao sampuli yenyewe ilichukua kutulia chini ya uzito. Sampuli moja huenda ikachukua siku nzima au zaidi. Maabara iliyokuletea majibu ya sampuli tisa kwa siku mbili iulizwe maswali. Majaribio yafanywe pia kwa mkandamizo mdogo, kilopaskali 20 hadi 60, kwa kuwa mitelezo mingi ya kwetu ina kina cha mita 2 hadi 4. Ukipima kwa 100, 200 na 400 kisha ukavuta mstari nyuma hadi sifuri, utapata mshikamano wa kilopaskali 20 ambao haupo shambani.

Sasa hesabu. Kwa mteremko mrefu wenye tabaka la udongo juu ya mwamba, ambao ndio hali ya kawaida ya milima yetu, hesabu inaingia kwenye ukurasa mmoja. Tuseme mteremko una digrii 30, udongo una kina cha mita 2.5, uzito ni 18, mshikamano wa kweli kilopaskali 5, msuguano digrii 28. Nguvu inayovuta chini kwenye uso wa mwamba ni uzito mara kina mara saini ya 30 mara kosaini ya 30, yaani kilopaskali 19.5. Mkandamizo unaobana uso huo ni kilopaskali 33.75. Wakati wa kiangazi, pamoja na zile kilopaskali 10 za ufyonzaji, kigezo cha usalama ni 1.69. Mhandisi yeyote angeupitisha. Ondoa ufyonzaji bila kuongeza tone la maji mwambani, kinakuwa 1.18. Jaza maji hadi juu, yakitiririka sambamba na mteremko, kinashuka hadi 0.68.

Swali la maana zaidi ni maji yafike wapi ndipo mteremko uvunjike. Kwa namba hizo jibu ni sentimita 88 juu ya mwamba. Maji hayahitaji kufika juu ya ardhi. Mtu anaweza kusimama pale, viatu vikiwa na tope kidogo tu, na mteremko umebakiza saa moja. Piezomita iliyowekwa mwambani ndiyo peke yake ingemwambia. Ndiyo maana ripoti inayotoa kigezo kimoja cha usalama, bila kusema ni kwa maji yaliyo mita ngapi, mimi siihesabu kuwa ripoti. Inatakiwa itoe jedwali au mchoro: maji yakiwa hapa, kigezo ni hiki, na kiwango cha kuvunjika kiandikwe kwa herufi kubwa.

Mteremko mfupi wa udongo mnene, kama tuta la barabara au ukingo uliokatwa kwenye mfinyanzi wenye kina, huteleza kwa duara. Hesabu ya duara ilitengenezwa Uswidi baada ya bandari ya Göteborg kupoteza gati lake mwaka 1916, ikakuzwa na mhandisi Fellenius, na mwaka 1955 mhandisi mwingine, Bishop, akaisahihisha kwa njia ambayo bado inatumika. Bonge linaloteleza hukatwa vipande wima kama mkate, kila kipande kikahesabiwa uzito wake, maji yaliyo chini yake na msuguano wake. Programu hufanya kazi hiyo kwa maelfu ya duara ndani ya sekunde. Kinachoharibika si hesabu, ni maelekezo yake. Mchambuzi huweka eneo la kutafutia dogo mno, na duara baya zaidi likabaki nje. Dalili yake ni duara lililochaguliwa kugusa mpaka wa eneo hilo. Husahau ufa wa juu, ambao ukijaa maji husukuma bonge kwa kando: ufa wa mita 2 uliojaa hutoa karibu kilonewtoni 20 kwa kila mita ya urefu wa ukingo. Hulazimisha duara pahali ambapo tabaka laini lililolala linahitaji uso bapa. Kwa hiyo kabla ya kuamini rangi za skrini, chukua mtelezo mmoja, uhesabu kwa karatasi na kikokotoo. Majibu yakipishana sana, tafuta sababu.

Kwa mteremko wa kudumu karibu na watu au barabara, desturi ni kudai kigezo cha 1.5 kwa maji ya kawaida, na 1.2 au 1.3 kwa maji mabaya ya nadra. Kanuni za Ulaya zinakwenda kwa njia nyingine: hugawa nguvu ya udongo kwa 1.25 kabla ya kuhesabu, kisha zinataka kinachobaki kitoshe. Namba hizo zimekusudiwa kufunika tusiyoyaona ardhini. Hazikuwekwa kufunika piezomita ambazo hazikununuliwa.

Udongo wa kumwagwa unahitaji ukali zaidi. Barabara ya mlimani ikikatwa, kifusi husukumwa na katapila ukingoni na kuachwa kilipolala. Kinalala kwenye pembe yake ya asili, yaani kigezo chake kinaanzia 1 tangu siku ya kwanza, na kiko legelege. Udongo legelege ukilowa na kutikisika hubana ghafla, maji yaliyomo yakabeba uzito wote, na bonge zima likawa uji unaokimbia. Hong Kong ililipia somo hilo huko Sau Mau Ping mwaka 1972, tuta la kifusi lilipoua watu 71, na tena mwaka 1976. Mwaka 1977 serikali yake ikaunda ofisi maalumu ya kusimamia miteremko. Dawa waliyoitumia kwenye matuta ya zamani ni kuchimbua mita 3 za juu na kuzishindilia upya kwa matabaka, pamoja na mifereji. Kwenye barabara zetu za vijijini kifusi kinaweza kubebwa hadi eneo la bapa, au kutandazwa kwa matabaka ya sentimita 20 juu ya ngazi zilizochongwa kwenye ardhi ya asili. Kuna gharama, naam, na iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, kwa sababu mkandarasi ambaye hakulipwa kubeba atasukuma.

Na si kila hatari inatoka kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalifuata mikondo ya maji hadi Katesh na vijiji jirani, yakaua zaidi ya watu 80. Mteremko ulioanza kuvunjika ulikuwa mbali juu ya nyumba zilizofunikwa. Basi ukaguzi wa kiwanja kilicho mdomoni mwa korongo uende hadi chanzo cha korongo, na mawe makubwa yaliyotapakaa tambarare yasomwe kama barua: yamefika pale kwa njia hiyohiyo.

Tiba ianze na maji. Rudi kwenye mfano wetu: ukiupunguza mteremko kutoka digrii 30 hadi uwiano wa 1 kwa 2, na mifereji ikazuia maji yasipite nusu mita juu ya mwamba, kigezo kinapanda hadi 1.23. Bado hakijatosha kwa nyumba, lakini kimetoka 0.68, na bila ukuta wowote. Mfereji wa kinga juu ya ukingo lazima usakafiwe. Mfereji wa udongo ulio wazi hunywesha maji ndani ya ufa uleule unaoogopwa. Kwa sababu hiyohiyo matuta ya fanya juu, ambayo ni rafiki mkubwa wa mkulima kwa kuwa yanalazimisha mvua iingie ardhini, yasichimbwe juu ya ukingo unaoonyesha nyufa. Hapo maji yatolewe, yasihifadhiwe. Mabomba ya kutoa maji hutobolewa kwa kuelekea juu kidogo, asilimia 5 hadi 10, urefu wa mita 10 hadi 20, kila baada ya mita 5 hivi, yakiwa ya milimita 50 yenye nyufa nyembamba na kitambaa cha kuchujia. Yasafishwe kila mwaka kabla ya mvua, maana mizizi na kutu ya chuma huyaziba. Ukuta wa mawe bila matundu ya maji na kokoto nyuma yake ni bwawa. Na mguu wa mteremko usiguswe kamwe kabla ya juu kupunguzwa uzito: gabioni nyingi, yaani kuta za vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, huanguka siku ya kuchimbiwa msingi, kwa kuwa msingi wenyewe ndio uliokuwa ukishikilia mlima. Chimba kwa vipande vya mita 3, jenga kimoja, ujaze, ndipo uhamie kingine.

Ufa ukishatokea, pigilia vigingi viwili vya chuma, kimoja kila upande, na upime umbali kati yake kila siku kwa saa ileile, ukiandika na mvua ya siku hiyo. Kasi ya kufunguka inasema zaidi kuliko upana wenyewe. Fukuzono wa Japani alionyesha mwaka 1985 kwamba mteremko unaokaribia kuanguka huongeza kasi kwa mpangilio: ukigawa 1 kwa kasi ya kila siku na kuchora majibu, nukta hushuka kwa mstari, na mahali mstari unapogusa sifuri ni karibu na siku ya kuanguka. Ufa uliofunguka kwa milimita 2 kwa siku leo, tuiite siku sifuri, 3.3 siku ya nne, na 6.7 siku ya saba, unatoa 0.5, 0.3 na 0.15. Mstari huo unagusa sifuri siku ya kumi. Mvua kubwa inaweza kuifanya tarehe hiyo iwahi kwa usiku mmoja, kwa hiyo watu walio chini wahamishwe siku ya saba, mchana, na wasirudi kulala kwa sababu tu mvua imekatika. Maji yaliyo mwambani huendelea kupanda saa nyingi baada ya mbingu kutakata.